Digrii yangu ya kompyuta, duka la kaka pale Omurushaka, na namba moja waliyopewa wagonjwa wawili

Wakuu, heshima kwenu wote.

Humu mimi ni msomaji wa kimya. Kila baada ya muda naona mtu anafungua uzi kuuliza digrii ya kompyuta ina faida gani. Mmoja anasema imemtoa, mwingine anasema imempotezea miaka, mwisho wanaishia kutukanana. Huwa nasoma napita.

Leo naandika mimi. Haya yamenitokea kweli. Majina ya watu nimebadilisha na hospitali siitaji, msiniulize hata PM. Nikimaliza mtaniambia ninyi, maana mwenyewe nimefikiri mpaka kichwa kinauma na bado sielewi.

Itakuwa ndefu kidogo. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni dada, kwetu ni Ihanda, Karagwe. Niiteni Koku. Wazazi ni wakulima wa migomba na kahawa, Walutheri, watu wa kawaida kabisa. Nilipochaguliwa chuo kusoma sayansi ya kompyuta, baba alikuwa akikutana na watu njiani anawaambia binti yake anakwenda kusomea mitambo. Hakuna aliyemuuliza mitambo gani. Na mimi sikuwa najua vizuri.

Chuo nilimaliza salama. Matokeo mazuri ya kawaida, si ya kutisha.

Lakini mnajua vyuo vyetu. Mtihani wa kuandika programu tunaufanya kwa kalamu kwenye karatasi. Kulikuwa na somo la database, yaani jinsi ya kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta, ambalo mwalimu wake alipenda sana kuchora ubaoni watu wawili wanaokata tiketi ya siti moja ya basi kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye dirisha lake. Anachora, anafuta, anachora tena. Nilinakili, nikafaulu, nikaendelea na maisha.

Baada ya kuhitimu nikahangaika na maombi ya kazi. Kila sehemu wanataka uzoefu, na uzoefu unapatikana kazini, na kazi hawakupi. Hiyo mnaijua, sitaipigia kelele. Nikafunga begi, nikarudi Ihanda.

Sasa hapa anaingia kaka yangu, Projestus. Wote tunamwita Proje. Ni mtoto wa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Kwao ni Igurwa. Proje aliishia kidato cha nne. Baada ya hapo aliingia kwenye ufundi wa simu, akiangalia video za mafundi wa nje, akajaribu, akaharibu, akajaribu tena. Nilivyorudi nilimkuta ana duka pale Omurushaka, barabarani kabisa, jirani na wanaponunua maharage. Anatengeneza simu na kompyuta, anafunga kamera kwenye lodge, anauza chaja na earphone. Mji mzima unamjua.

Akamwambia mama, "Mama mdogo, mleteni Koku dukani. Kukaa nyumbani kutamharibu."

Nikaenda.

Niseme wazi, Proje alinipokea vizuri. Alinipa meza yangu. Ila aliniita Injinia, na alivyokuwa analitamka hilo jina wateja wote walikuwa wanacheka. Printa ikigoma, "Injinia, njoo, chuo walisemaje?" Simu ikiingia maji, "Injinia, hii ipo mwaka wa pili au wa tatu?"

Sikuwa nachukia sana. Kazi za dukani nilizishika haraka, hazikuwa ngumu. Kilichonisumbua ni kwamba hakuna hata moja iliyohitaji nilichosoma. Ningeweza kuzijua bila kwenda chuo. Nilikuwa nikikaa pale najiuliza ile miaka yote ilikuwa ya nini.

Na Proje hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa na msimamo wake, anausema mbele ya mteja yeyote: vyuo vinauza vyeti, ujuzi uko mtandaoni bure. Mimi nikikosa jibu, anaendelea.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa hospitali moja ya binafsi upande wa Kyerwa. Yeye ndiye aliyewafungia mfumo wa kompyuta. Programu yenyewe hakuiandika yeye, aliinunua kwa jamaa mmoja wa Mwanza, akaiweka, akavuta nyaya, akawafundisha watumishi. Mgonjwa akifika mapokezi anaandikishwa na kupewa namba ya siku hiyo. Namba ile inaandikwa kwenye chupa ya damu. Maabara wanaweka majibu kwa namba, daktari anafungua namba anaona majibu. Hakuna kutembea na karatasi.

Mwanzoni mapokezi kulikuwa na kompyuta moja. Foleni ikawa inafika nje. Proje akaongeza ya pili, akaiunganisha, wakawa na madirisha mawili. Foleni ikaisha. Mganga mfawidhi wa pale, daktari mmoja mama mtulivu sana, alimsifu mbele ya watumishi wote. Proje alirudi Omurushaka siku hiyo anaimba.

Wakuu, ile kompyuta ya pili ndiyo uzi wenyewe.

Baba mzazi wa Proje, ambaye kwangu ni baba mkubwa, alijikata kidole cha mguu na jembe shambani. Kidonda kikawa hakiponi. Halafu akawa anakunywa maji sana, anakonda, anachoka. Proje akasema baba atatibiwa hospitali yangu. Alikuwa anaiita hivyo, hospitali yangu. Akampandisha kwenye pikipiki yake mwenyewe, akampeleka. Ilikuwa siku ya watu wengi.

Wakampima sukari. Majibu yakaja, sukari iko kawaida. Wakamsafisha kidonda, wakampa dawa, akarudi Igurwa. Familia yote tukapumua. Mama mkubwa akawa anampikia uji mtamu ili apate nguvu.

Baada ya muda si mrefu baba mkubwa akaanguka kwenye shamba la kahawa. Walimkuta anapumua kwa nguvu, haongei vizuri. Wakamkimbiza hospitali ile ile. Nesi akamtoboa kidole na kile kimashine kidogo cha sukari. Hakikuonyesha namba. Kiliandika tu HI, maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma.

Alilazwa. Tulikaa naye kwa zamu, mimi, mama mkubwa na Proje. Alipona, namshukuru Mungu. Ila kidole kile kilikuwa kimeoza ndani kwa ndani. Kikakatwa.

Na kumbe hakuwa peke yake. Kulikuwa na mama mmoja ambaye siku ile ile aliambiwa sukari yake iko juu sana. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze ndizi, matoke yetu haya. Mama wa watu akapunguza. Akawa anatetemeka, jasho linamtoka, karibu azimie sokoni. Aliporudi wakampima, sukari iko chini. Hakuwahi kuwa na ugonjwa huo.

Hospitali wakakaa kikao. Wakaona jambo ni rahisi, maabara wamechanganya damu. Aliyekuwa zamu ni kaka mmoja anaitwa Hamisi, mkazi wa pale pale Omurushaka, baba yake ana duka la nguo. Wakamsimamisha kazi.

Proje aliulizwa kwenye kile kikao kama mfumo unaweza kukosea. Akawajibu kwamba kompyuta haikosei, wanaokosea ni watu. Aliniambia mwenyewe alivyojibu. Alikuwa na hasira na Hamisi, hasira ya mtoto ambaye baba yake amekatwa kidole. Sikumlaumu.

(Samahanini, umeme ulikata. Naendelea.)

Siku moja Proje hayupo, Hamisi akaja dukani nimchapie CV. Alitaka kuomba kazi Bukoba. Alinidhania mfanyakazi tu, hakujua mimi ni ndugu wa mgonjwa, na mimi sikumwambia. Nachapa, yeye anaongea. Kaka yule hakuwa na makelele. Akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Dada, mimi sikuchanganya chupa. Zilikuja chupa mbili zenye namba moja. Nikapiga simu mapokezi, wakaniambia labda ni mgonjwa yule yule amerudiwa kipimo. Nikaweka jibu la kwanza, halafu likaja la pili nikaweka juu yake. Nimewaeleza kwenye kikao, hakuna aliyesikia."

Niliacha kuchapa.

Nikamuuliza kama ana uhakika zilikuwa na namba moja. Akasema hakuna kitu ana uhakika nacho kama hicho.

Aisee, sikuwaza kompyuta kwanza. Niliona ule ubao wa darasani. Watu wawili, madirisha mawili, siti moja.

Nitaeleza kwa lugha nyepesi kwa wasio wa fani hii. Programu ile, kama nilivyokuja kuthibitisha baadaye, ilikuwa inatoa namba hivi: inaangalia namba ya mwisho iliyotolewa, inaongeza moja, inampa mgonjwa. Kukiwa na dirisha moja hakuna shida. Kukiwa na madirisha mawili, na wahudumu wawili wakabonyeza karibu sawasawa, wote wawili wanaiona namba ya mwisho ile ile, wote wanaongeza moja, wote wanapata jibu moja. Wagonjwa wawili, namba moja.

Sasa majibu ya baba mkubwa yakaingia kwanza, yako juu. Daktari wa yule mama akafungua namba, akayaona, akadhani ni ya mama. Baadaye yakaingia ya mama, ya kawaida, yakafuta yale ya kwanza. Daktari wa baba mkubwa akafungua, akaona sukari safi.

Kila mtu alifanya kazi yake. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimwambia Proje jioni ile. Mnaweza kukisia. Alikasirika vibaya. Akasema mimi nimekaa dukani kwake muda wote huo sijaleta faida, leo nimepata la kusema na nalo ni la kumuua. Akasema mfumo umefanya kazi tangu aufunge bila tatizo. Nikamwambia umefanya kazi ukiwa na dirisha moja. Akatoka.

Nikauliza kwenye kundi la WhatsApp la wenzangu wa chuo, watu wenye digrii kama yangu, mwalimu yule yule, ubao ule ule. Mmoja akasema nizime seva niwashe. Mwingine akasema labda ni virusi. Wengine wakaweka emoji. Sasa hapo nikachanganyikiwa zaidi, kwa sababu kama ni digrii ndiyo iliyonionyesha, mbona wao haikuwaonyesha?

Alichofanya Proje baadaye ndicho kinachonifanya nimheshimu. Jumapili baada ya ibada akanipigia simu, akasema twende. Hakusema wapi. Tukapanda pikipiki mpaka Kyerwa. Akamwomba mganga mfawidhi turuhusiwe kukaa mapokezi mchana ule, maana hakukuwa na watu. Nikatengeneza nakala ya mfumo pembeni ili tusiharibu taarifa za wagonjwa. Yeye akakaa dirisha la kwanza, mimi la pili. Mganga mfawidhi akasimama nyuma yetu.

Tukahesabu kwa sauti, tukabonyeza pamoja. Namba mbili tofauti.

Tena. Tofauti.

Tukarudia na kurudia. Proje akaanza kutabasamu, mabega yakashuka. Mimi nikaanza kuona aibu, nikawaza nimemsumbua daktari wa watu Jumapili kwa ajili ya michoro ya ubaoni.

Halafu tukabonyeza tena, na kwenye skrini yake na yangu ikatoka namba moja.

Proje akasogea akaangalia skrini yangu, akarudi kwake, akaja tena. Akasema kwa sauti ndogo, "Rudia."

Tukarudia mpaka ikatokea tena.

Akainuka akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama kwenye pikipiki, ameshika usukani kama anataka kuondoka, haondoki.

Mganga mfawidhi akaniuliza jambo moja tu, kama siku nyingine wapo watu waliopata majibu ya wenzao bila sisi kujua. Nikamjibu kwamba inawezekana. Akakaa kwenye kiti cha Proje.

Kesho yake kompyuta ya pili ikaondolewa, foleni ikarudi nje, watu wakanung'unika. Mimi nikakaa na ile code, yaani maandishi yenyewe ya programu. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya PHP, iko wazi, inasomeka. Sitadanganya hapa kwamba nilijua dawa kichwani. Nilitafuta mtandaoni kama mtu mwingine yeyote. Tofauti ni kwamba nilijua jina la ugonjwa, nikajua cha kuandika kwenye kutafuta. Mwisho nikaipanga database yenyewe ndiyo itoe namba, mmoja akichukua mwingine asubiri. Na nikaomba jina la mgonjwa liandikwe kwenye chupa pamoja na namba. Wakakubali yote mawili.

Wakaanza pia kuwaita watu warudie vipimo, wale waliofika tangu dirisha la pili lifunguliwe. Hamisi akarudishwa kazini. Alipita dukani, akamsalimia Proje kwa mkono. Proje akamwomba radhi mbele yangu na mbele ya wateja, akiangalia chini. Hamisi akasema yameisha, akanunua chaja ambayo nina hakika hakuihitaji.

Sasa subirini, kuna kitu kingine cha kuwachanganya.

Tulimpata yule jamaa wa Mwanza aliyeandika programu. Wakuu, yule ni msomi. Ana digrii ya fani hii hii, tena ya chuo kikubwa kuliko changu. Alituambia taratibu tu kwamba aliiandika kwa kompyuta moja na hakuna aliyemwambia itaongezwa nyingine. Hakuwa na kiburi. Aliomba nimtumie nilichobadilisha.

Kwa hiyo nani alikosea? Msomi aliyeandika, au asiyesoma aliyeongeza? Mimi bado sijui.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia baba mkubwa. Proje aliniomba niende naye Igurwa. Tulimkuta uani amekaa kwenye kiti, mguu umefungwa, anachambua maharage na mama mkubwa. Tukamwamkia shikamoo, tukakaa.

Proje akaeleza yote. Hakujitetea. Alipofika kwenye dirisha la pili akarudi nyuma, akaanza upya. Mama mkubwa alikuwa ameacha kuchambua.

Baba mkubwa akaweka chini maharage yaliyokuwa mkononi. Halafu akamuuliza kwa Kinyambo, lugha ya kwetu, mimi naweka kwa Kiswahili, "Hiyo kazi ulifundishwa na nani?"

"Nilijifunza mwenyewe, baba."

"Mpaka wapi?"

Proje hakuelewa swali. Mzee akarudia, "Ulijifunza ukafika wapi, ndipo ukajua inatosha?"

Mzee hakumgombeza. Akasema kahawa ya msimu ule angeitumia kwa jambo hilo, kijana akafundishwe, na mazungumzo yakawa yameisha. Tukaletewa chai bila sukari, sote tukanywa hivyo hivyo.

Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye uchungu. Kumbe Proje aliyachukua.

Wakati huo huo hospitali wakatangaza nafasi ya mtu wa kompyuta. Mnaona ilivyokaa? Nilivaa vizuri, nikaenda nikijua naenda kusaini tu. Mganga mfawidhi alinipigania, namwamini. Lakini bodi yao ilikuwa imepanga nafasi ya mwenye cheti au diploma. Wakasema mwenye digrii wakimchukua ataondoka akipata pazuri, na ngazi yake ya mshahara hawawezi kuibeba. Nikawaambia nitakubali ngazi yoyote. Wakasema hapana, taratibu haziruhusu.

Kwa hiyo digrii iliyonisaidia kuliona kosa ndiyo iliyonifungia mlango wa kulinda lisirudi. Wakamchukua kijana mmoja mwenye diploma, mpole, mchapakazi. Akikwama ananipigia. Namsaidia, sina kinyongo naye. Ila nikikata simu nabaki naiangalia tu.

Nilimsimulia mama nikiwa nakaribia kulia. Yeye akasema, "Mwana wange, si ulimponya baba yako mkubwa?" Nikamwambia, mama, walimponya madaktari. Akasema basi, akaendelea na kumenya ndizi. Sikujua kama amenifariji au amechoka na mimi.

Halafu Proje akaondoka.

Aliniita dukani asubuhi moja, akaniambia amepata nafasi ya chuo. Kwa kuwa aliishia kidato cha nne, anaanzia ngazi ya cheti, halafu diploma, halafu akijaliwa digrii. Mtu mwenye duka, mwenye jina mji mzima, anakwenda kukaa darasani na watoto waliomaliza shule juzi. Nilimbishia. Nilimwambia ukweli wa vyuo, kalamu na karatasi, walimu wanaosoma slaidi, wenzangu wa "zima seva washa". Nilimwambia Proje, wewe ndiye uliyekuwa unasema ujuzi uko mtandaoni bure.

Akasema, "Uko mtandaoni, Koku. Ila huko nilikuwa natafuta kile tu ninachojua kwamba sikijui. Hiki cha madirisha mawili sikujua hata kama kipo."

Alikuwa ananiita Koku siku hizo, lile jina la Injinia lilishakufa lenyewe.

Aliniachia duka, akapanda basi la Bukoba kuelekea huko aendako. Mimi nikabaki Omurushaka, nabadilisha vioo vya simu.

Sasa niwape tukio la wiki iliyopita, ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Alikuja mzee mmoja mstaarabu kutoka Nkwenda, ameongozana na binti yake. Binti amemaliza kidato cha sita, amechaguliwa kusoma kompyuta. Mzee hana uhakika kama ampeleke au amtafutie ualimu. Watu walimwambia nenda Omurushaka, kuna duka la kompyuta, pale yupo mtu mwenye digrii hiyo, atakushauri.

Akanisalimia, akaangalia huku na huku, akaniuliza mwenye digrii yuko wapi.

Nikamwambia ni mimi.

Akaangalia chaja zilizoning'inia ukutani. Akaangalia simu niliyokuwa nimeifungua mezani. Akaniuliza kwa upole kama duka ni langu. Nikamwambia hapana, ni la kaka yangu.

"Na kaka yako yuko wapi?"

"Ameenda chuo."

"Kusoma nini?"

"Kompyuta."

Binti akainama akaficha kicheko. Mzee hakucheka. Aliniangalia muda mrefu, kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi. Mimi sikuwa na sehemu ya pili.

Akamwambia binti yake, "Twende tukanywe chai kwanza, tutarudi."

Hawajarudi mpaka leo, na barabara ile naiangalia kila siku.

Basi wakuu, somo nililopata, kama linaitwa somo: shule ilinipa macho ya kuona kitu kimoja ambacho Proje hakukiona, na haikunipa mahali pa kuyatumia. Proje alikuwa na mahali, hakuwa na macho. Na wapo waliopata vyote wakakosea vile vile. Nikisema digrii haina maana namwona baba mkubwa anachechemea. Nikisema ina maana najiona mimi hapa na bisibisi.

Wale mliofika mbali kwenye fani hii, na ninyi mlioiacha, andikeni hapa chini bila kunionea haya. Yule mzee na binti yake wakitokea tena mlangoni, niwaambie nini?